Kimya cha Saa ya Kuhesabu

Februari 1988 wanachama wa chama tawala, KANU, kote Kenya walijipanga viwanjani mchana kweupe, kila mmoja nyuma ya mgombea wake au wakala aliyeshika picha yake. Utaratibu huo uliitwa mlolongo. Waliouleta waliusifu kwamba hauna hila: kila mwenye macho angeona nani ana watu wengi. Watu waliona kweli. Lakini katika sehemu kadhaa za nchi mwenye mstari mrefu alitangazwa kushindwa na mwenye mstari mfupi akapongezwa. Aliyepewa zaidi ya asilimia 70 ya foleni alipita bila kupingwa, wala hakuhitaji kungoja kura ya siri ya mwezi wa Machi. Jioni, watu wale wale waliosimama juani waliwasha redio, na Sauti ya Kenya ikawasomea matokeo yasiyofanana na waliyoyaona. Hakuna mtangazaji aliyeuliza neno.

Tunapolalamikia upendeleo wa vyombo vya habari wakati wa uchaguzi, mara nyingi tunapima maneno. Nani kasifiwa, nani kakejeliwa, mkutano wa nani umeonyeshwa dakika kumi na wa nani sekunde kumi. Vipimo hivyo ni vya haki. Lakini nikizipitia chaguzi za Kenya tangu siku za mlolongo, naona upendeleo uliotuumiza zaidi ulikuwa wa kunyamaza, na ulikuja saa ile ile nchi iliposubiri kuambiwa nani amepata kura ngapi.

Redio ya wenye dola

Tangu ianze kusikika Nairobi mwaka 1928, redio nchini Kenya ilikuwa chombo cha watawala. Kwanza iliwahudumia walowezi. Vita vya ukombozi vilipopamba moto miaka ya 1950, serikali ya kikoloni iliona haja ya kusema na Waafrika kwa lugha zao, na Mombasa ikapata kituo cha Sauti ya Mvita. Mwaka 1964, uhuru ukiwa bado mchanga, serikali mpya iliuweka utangazaji wote chini ya Wizara ya Habari na kuuita Sauti ya Kenya. Watawala walikuwa wengine, mazoea yakabaki yale yale: mwenye mitambo ndiye mwenye nchi.

Wanajeshi wa anga walioasi tarehe 1 Agosti 1982 walilijua hilo. Waliiteka studio mapema kabisa, wakamtoa mtangazaji Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake na kumlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Saa chache baadaye majeshi matiifu yaliikomboa studio, na raia wakajua kuwa mapinduzi yameshindwa kwa njia ile ile waliyojulia kuwa yamefaulu, yaani kwa kusikia redio.

Katika miaka iliyofuata, taarifa ya habari ilianza na Mtukufu Rais: alikokwenda, aliowapokea, aliyoyasema baada ya ibada ya Jumapili. Habari nyingine zilingoja zamu. Sheria ya mwaka 1989 iliigeuza Sauti ya Kenya kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC. Jina lilibadilika na mpangilio wa taarifa ukabaki.

Magazeti yalikuwa na nafasi zaidi ya kupumua, ingawa nayo yalikuwa na wenyewe. The Standard lilitokana na gazeti lililoanzishwa Mombasa mwaka 1902 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee. Daily Nation lilizaliwa mwaka 1960 chini ya Aga Khan, likiwa ndugu wa Taifa la Kiswahili. Mwaka 1983 chama tawala nacho kilijipatia gazeti lake: KANU ilinunua Nairobi Times la Hilary Ng'weno, ikaligeuza Kenya Times, na wasomaji wa Kiswahili wakaletewa Kenya Leo. Asiyekubali kuimba wimbo mmoja alionyeshwa mlango. Mwaka 1989 Daily Nation lilipigwa marufuku kuripoti vikao vya Bunge kwa miezi kadhaa. Nairobi Law Monthly la wakili Gitobu Imanyara liliandamwa, na mhariri wake akatiwa kizuizini.

Dakika za Moi, sekunde za wengine

Kipengele cha 2A cha katiba, kilichoifanya KANU kuwa chama pekee, kilifutwa Desemba 1991. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 29 Desemba 1992, Wakenya walipiga kura ya kwanza ya vyama vingi tangu miaka ya 1960. Rais Daniel arap Moi wa KANU alikabiliwa na Kenneth Matiba wa FORD-Asili, Mwai Kibaki wa DP na Jaramogi Oginga Odinga wa FORD-Kenya.

Sheria ya vyama ilikuwa mpya, lakini mwananchi wa Turkana au Kwale hakuwa na redio nyingine ya Kenya ila KBC. Kituo binafsi cha televisheni, KTN, kilikuwa kimeanza mwaka 1990, lakini mawimbi yake yalikuwa ya Nairobi na viunga vyake. Magazeti ya upinzani yalisomwa mijini, na hata huko yalinyang'anywa mitaani. Polisi walikamata matoleo ya Society la Pius Nyamora na Finance la Njehu Gatabaki kabla hayajawafikia wauzaji. Waangalizi wa Jumuiya ya Madola waliandika kwamba utangazaji wa taifa ulikielemea chama tawala.

Moi alishinda kwa asilimia 36 na ushei. Wapinzani wake watatu, wakijumlishwa, walipita asilimia 60. Ingekuwa rahisi kusema kwamba KBC ndiyo iliyompa ushindi, lakini hesabu yenyewe inakataa: wapinzani waligawana kura zao wenyewe kwa kushindwa kukubaliana juu ya mtu mmoja. KBC ilifanya jambo jingine. Ilizuia nchi kusikia mabishano yale kwa urefu, ili mpiga kura wa mbali aamue akiwa amesikia upande mmoja kwa sauti kubwa na pande nyingine kwa mnong'ono. Matiba alilitambua hilo, akajianzishia gazeti lake, The People. Tutakutana nalo tena likiwa mikononi mwa wengine.

Baada ya uchaguzi, shinikizo lilihamia kwa wachapishaji. Mwaka 1993 polisi waliivamia matbaa ya Fotoform jijini Nairobi na kung'oa vipuri vya mashine zilizochapa majarida ya upinzani. Waliokuwa na nia ya kutangaza kwa redio walingojeshwa leseni kwa miaka. Kampuni ya Nation iliomba mwanzoni mwa muongo ule, na ilipopewa mwishoni mwake, ilipewa kwa Nairobi tu.

Uchaguzi wa 29 Desemba 1997 ulileta jipya moja la maana: upendeleo ulianza kupimwa. Katika makubaliano ya wabunge ya mwaka ule, yaliyojulikana kwa herufi IPPG, KBC ilitakiwa kutoa nafasi kwa pande zote. Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya na shirika la ARTICLE 19 zikaweka watu wa kusikiliza na kutazama, wakiandika nani ametajwa, kwa muda gani na kwa lugha ipi. Waligundua kwamba rais bado ndiye aliyetawala matangazo. Moi alirudi madarakani kwa takriban asilimia 40, Kibaki akamfuata kwa 31. Faida ya zoezi lile ilikuwa kwamba manung'uniko ya vijiweni sasa yalikuwa na ushahidi. Aliyesema redio ya taifa inapendelea aliweza kuonyesha dakika.

Simu iliyofungua masanduku

Kabla ya mwaka 2002, masanduku ya kura yalisafirishwa hadi vituo vikuu vya kuhesabia, na njiani lolote liliweza kutokea. Mwaka 2002 sheria ilitaka kura zihesabiwe palepale zilipopigwa. Badiliko hilo lilikutana na jingine: simu za mkononi zilikuwa zimeshaingia mikononi mwa watu wengi, na vituo binafsi vya FM vilikuwa vimechipuka, Capital FM mwaka 1996, kisha Nation, kisha Kameme kwa Kikuyu mwaka 2000, na vingine nyuma yao. Wakala wa chama alisimama kando ya meza, akasikia hesabu, akapiga simu. Mwandishi alifanya vilevile. Habari za kituo cha Kisumu zilifika studio za Nairobi kabla karani wa tume ya uchaguzi hajafunga bahasha.

Jioni ya 27 Desemba 2002 na siku iliyofuata, nchi ilisikia ushindi wa Kibaki ukijengeka jimbo baada ya jimbo, mpaka ukafika asilimia 62 dhidi ya 31 za Uhuru Kenyatta wa KANU. Uhuru alikubali kushindwa, na tarehe 30 Desemba Moi alikabidhi madaraka katika bustani ya Uhuru. KBC ilikuwa imempendelea mgombea wa KANU kwenye kampeni, kama kawaida yake, lakini upendeleo huo haukuwa na nguvu mbele ya hesabu iliyotangazwa na wengi kwa wakati mmoja. Funzo lilikuwa wazi. Kwa bahati mbaya tulilichukua kama zawadi ya kudumu.

Jioni ya KICC

Serikali ya Kibaki iliingia ikiwa imebebwa na wanahabari waliochoshwa na utawala wa Moi. Urafiki ule haukudumu. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 2006, watu waliofunika nyuso walivamia ofisi za Standard na studio za KTN, wakachoma magazeti na kuizima televisheni. Waziri wa usalama wa ndani, John Michuki, hakuikana kazi hiyo. Alieleza kwamba anayemchokoza nyoka awe tayari kuumwa. Wanahabari waliandamana, lakini ujumbe ulikuwa umefika: hata serikali iliyochaguliwa kwa kura za haki ilijua njia ya kwenda kwenye mitambo.

Kampeni za 2007 kati ya Kibaki na Raila Odinga ziliendeshwa katika nchi iliyokuwa na redio nyingi kuliko wakati wowote kabla yake. Waangalizi wa Umoja wa Ulaya waliikosoa KBC kwa kuelemea upande wa rais kinyume cha sheria iliyoianzisha. Lakini KBC haikuwa tena peke yake. Redio za lugha za mama zilikuwa na wasikilizaji wengi na hasira nyingi, na katika vipindi vya kupiga simu msikilizaji alisema jambo ambalo mtangazaji aliogopa au hakutaka kulikatiza. Kila eneo lilipata ukweli wake, kwa lugha yake, kuhusu nani amedhulumiwa na nani atadhulumu.

Kura zilipigwa tarehe 27 Desemba. Usiku ule na siku mbili zilizofuata, televisheni ziliweka jedwali kwenye kioo. Raila alikuwa mbele kwa mamia ya maelfu. Kisha pengo likaanza kupungua, na mwenyekiti wa tume, Samuel Kivuitu, akalalamika hadharani kwamba baadhi ya wasimamizi wa majimbo hawapatikani kwenye simu. Tarehe 30, jumba la mikutano la KICC lilijaa mawakala wakirushiana maneno na polisi wakiwasukuma. Kivuitu aliondolewa ukumbini, akaingizwa katika chumba kidogo, na huko, mbele ya kamera za KBC pekee, akasoma matokeo: Kibaki 4,584,721, Raila 4,352,993. Jioni hiyo hiyo Kibaki aliapishwa Ikulu. Muda si mrefu wizara ya usalama ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, marufuku iliyodumu zaidi ya mwezi.

Chumba kile kidogo kimeandikwa sana. Yaliyotokea katika vyumba vya habari yameandikwa kidogo, nami naona ndiko uchaguzi ulikopotelea mara ya pili. Kwa siku mbili vituo vilikuwa vikikusanya matokeo kutoka kwa waandishi wao nchi nzima. Ghafla majedwali yakaondoka kwenye vioo. Hakuna chombo hata kimoja kilichowawekea Wakenya mezani hesabu yake kamili, jimbo kwa jimbo, hata iwe na mapengo, ili watu wailinganishe na ile ya KBC. Baadaye, Tume ya Jaji Johann Kriegler kutoka Afrika Kusini ilihitimisha kwamba kura zilivurugwa kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Miaka tisa baada ya uchaguzi, S. K. Macharia, mwenye kampuni ya Royal Media inayomiliki Citizen, aliiambia kamati ya Seneti kwamba, kwa hesabu alizokuwa nazo, Raila ndiye aliyeshinda. Dai hilo halikupimwa na mahakama yoyote. Liwe kweli au si kweli, swali linabaki: kama hesabu zilikuwapo, mahali pake palikuwa hewani mwezi Desemba 2007.

Tarehe 3 Januari 2008 magazeti makubwa yalitoka na kichwa kimoja cha pamoja, yakiwaomba viongozi wainusuru nchi. Lilikuwa tendo jema, na lilitoka moyoni. Lakini watu walikuwa wakifa, na waliokuwa wakiuana walitaka kujua kama wameibiwa. Maombi ya amani yalijibu swali ambalo hawakuuliza. Mpaka machafuko yalipotulia, zaidi ya watu 1,100 walikuwa wameuawa na mamia ya maelfu wamefukuzwa makwao.

Tume ya Jaji Philip Waki ilizinyoshea kidole redio za lugha za mama kwa kuchochea chuki. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alifikishwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague pamoja na mwanasiasa William Ruto. Kesi yao ilianza Septemba 2013 na ikakatizwa Aprili 2016 kwa ushahidi kutotosha, bila ya majaji kumkuta yeyote na hatia. Mbele ya macho ya wote ilikuwapo kumbukumbu ya redio RTLM, iliyochochea mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994. Maneno yalikuwa yameonekana kuwa hatari. Hatari ya kunyamaza haikuundiwa tume.

Amani iliyofunga midomo

Katiba ya Agosti 2010 iliandika haki ambazo wahariri wa miaka ya 1980 wasingezithubutu hata katika ndoto. Ibara ya 34 inavitaka vyombo vya dola viwe huru katika uhariri wao, visielemee upande, na vitoe nafasi kwa maoni yanayopingana. Ibara ya 35 inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Kwa uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, wanahabari waliingia na majeraha ya 2007. Walifundishwa uandishi wa amani. Walionywa kwamba neno moja linaweza kuwasha nchi. Kwa mara ya kwanza wagombea urais wote wanane walisimama kwenye mdahalo mmoja wa televisheni, na hilo lilikuwa fahari. Lakini siku ya kuhesabu ilipofika, uangalifu uligeuka kuwa woga.

Vifaa vya kuwatambua wapiga kura viliharibika vituo vingi. Mfumo wa kutuma matokeo ulikwama. Kwenye kioo kikubwa cha Bomas, ukumbi wa kujumlishia kura, idadi ya kura zilizoharibika ilizidi laki tatu, ikasomwa saa baada ya saa kwenye vituo vyote kana kwamba ni kawaida. Baadaye tume ilisema hitilafu ya programu ilikuwa ikiizidisha kila kura iliyoharibika mara nane, na hesabu ya mwisho ikashuka hadi 108,975. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, akivuka nusu kwa kura zisizofika elfu tisa. Katika uchaguzi ulioamuliwa kwa wembamba huo, kila kura iliyoharibika ilikuwa na uzito. Waandishi wangeweza kuuliza mapema, kwa sauti, usiku ule ule: hizi laki tatu zimetoka vituo gani? Wachache waliouliza hawakupewa nafasi kubwa.

Nawaheshimu waliokaa kimya mwaka ule, kwa kuwa walikuwa wameona damu. Lakini walichanganya vitu viwili: mchochezi anayemwambia jirani amchukie jirani, na mwandishi anayeuliza hesabu. Wa kwanza hubomoa amani. Wa pili ndiye anayeilinda, maana mtu aliyeonyeshwa hesabu ana sababu ya kukubali kushindwa, na aliyefichwa hana.

Fomu, mahakama na swichi

Hatua kubwa iliyofuata ilitoka mahakamani. Juni 2017, katika kesi iliyofunguliwa na mtetezi wa haki Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo yanayotangazwa jimboni ni ya mwisho, wala makao makuu ya tume hayana ruhusa ya kuyabadili. Uamuzi huo uliwapa wanahabari kitu ambacho hawakuwahi kuwa nacho: hesabu halali iliyo karibu na watu, ambayo mtu yeyote angeweza kuijumlisha.

Hawakuitumia kikamilifu. Mwezi mmoja baadaye Chris Msando, meneja wa teknolojia wa tume, alikutwa ameuawa siku chache kabla ya kura. Tarehe 8 Agosti, takwimu zilimiminika kwenye tovuti ya tume zikiwa hazina fomu za kuzithibitisha, na vituo vikazisoma kama zilivyokuja. Tarehe 1 Septemba, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga iliufuta uchaguzi wa urais kwa kura nne dhidi ya mbili, ikitaja hasa namna matokeo yalivyotumwa na kuhakikiwa. Majaji walikuwa wamefanya kazi ya kuuliza ambayo ilipaswa kuanza kwenye vyumba vya habari wiki tatu nyuma.

Umiliki ulizidi kuwa suala. The People, gazeti la Matiba wa upinzani, sasa lilikuwa sehemu ya Mediamax, kampuni inayohusishwa na familia ya Kenyatta, pamoja na K24 na Kameme. Standard na KTN zilihusishwa na familia ya Moi. Serikali nayo ilihamishia matangazo yake ya biashara kwenye chapisho lake lenyewe, na mkurugenzi yeyote wa gazeti alijua maana ya kupoteza mteja mkubwa hivyo.

Pale ushawishi uliposhindwa, swichi ilitumika. Tarehe 30 Januari 2018, Raila, aliyekataa kumtambua Uhuru kuwa rais, alipojiapisha katika bustani ya Uhuru, NTV, KTN, Citizen na Inooro zilizimwa kwa kutaka kuonyesha tukio hilo. Wanahabari watatu wa NTV walilala ofisini wakihofia kukamatwa. Mahakama iliamuru vituo virudishwe, na bado zilipita siku kadhaa kabla ya serikali kutii.

Fomu 46,000 mezani

Mwaka 2022 mambo yalipinduka. Uhuru, aliyekuwa anaondoka, alimuunga mkono Raila, hasimu wake wa zamani. Macharia wa Royal Media alisimama hadharani upande huo huo, na Gideon Moi vilevile. Sasa mlalamikaji alikuwa naibu wa rais. William Ruto alisema vyombo vikubwa vimejipanga dhidi yake, na kwa kuangalia majina ya wamiliki, dai lake halikuwa la kubuni. Hata hivyo, tarehe 26 Julai, ulipofika mdahalo wa urais, Raila ndiye aliyekosa, naye Ruto akasimama peke yake dakika tisini akijibu maswali ya waendeshaji.

Kura zilipigwa tarehe 9 Agosti. Tume ilifanya jambo ambalo Afrika Mashariki haikuwahi kuliona: iliweka kwenye mtandao Fomu 34A ya kila kituo, zaidi ya 46,000, zikiwa na mwandiko wa karani na sahihi za mawakala. Hadi siku iliyofuata nyingi zilikuwa zimeshafika. Mwalimu wa Kitui na mfanyabiashara wa Eldoret waliweza kuzifungua na kuanza kujumlisha.

Vyombo vya habari navyo vilianza. Kila kituo kilikuwa na jedwali lake, na kila jedwali lilisema tofauti, kwa sababu kila chumba kilianza na fomu za sehemu yake na kwa kasi yake. Watazamaji walibadilisha chaneli, wakaona Raila mbele hapa na Ruto mbele kule, wakahitimisha kwamba kila kituo kinahesabu kwa niaba ya mwenyewe. Kisha, fomu karibu zote zikiwa mezani, majedwali yalipunguza mwendo na kusimama. Vyombo vya nje viliendelea kujumlisha. Wakenya walikaa siku kadhaa wakiwa na karatasi zote za ushahidi na hawana sauti ya kwao ya kuwaambia jumla. Tarehe 15 Agosti, mwenyekiti wa tume, Wafula Chebukati, alimtangaza Ruto mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85, makamishna wanne kati ya saba wakajitenga naye, na Mahakama ya Juu ikathibitisha matokeo tarehe 5 Septemba.

Hapa ndipo historia hii inaponishika zaidi. Mwaka 1992 wahariri wa KBC waliweza kusema kwamba hawakuwa na uhuru. Mwaka 2007 wahariri wa vituo vingine walizuiwa. Mwaka 2013 waliogopa kumwaga damu. Mwaka 2022 uhuru ulikuwapo kwenye katiba, fomu zilikuwapo kwenye mtandao, na damu haikuwa ikimwagika. Kilichokosekana ni maandalizi na ujasiri. Vyumba vya habari havikukubaliana mapema juu ya njia moja ya kujumlisha, havikueleza watazamaji kwa nini namba zinatofautiana, na vilipobanwa na wanasiasa vikaona ni salama kuiachia tume peke yake. Kwa nia njema au mbaya, matokeo yake yalikuwa yale yale ya KICC.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Upendeleo wa kampeni hautakwisha, maana wenye vyombo wataendelea kuwa na marafiki, na msikilizaji wa Kenya ameshakuwa mjuzi wa kujua kituo gani ni cha nani. Kila chombo kiseme waziwazi mmiliki wake anamuunga mkono nani, na msikilizaji atafanya hesabu yake. Kazi isiyoweza kufanywa na msikilizaji peke yake ni ya usiku wa kura: kuzisoma fomu zote, kwa mpangilio uliotangazwa mapema, vyombo vyote vikishirikiana, huku kila jumla ikionyesha imetoka vituo vingapi na vimebaki vingapi. Wahariri wana muda wa kuketi pamoja na kuliandika hilo sasa, kabla wagombea hawajajulikana na kabla simu za wakubwa hazijaanza kulia. Wakishaanza kujumlisha, wasisimame mpaka fomu ya mwisho.